Kipa Namba Mbili



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako kwenye Matendo ya Mitume 1:15–26. Soma taratibu, halafu rudi hapa. Ni aya kumi na mbili tu, nakusubiri.

Haya. Leo tunaongea mpira, na hasa yule mtu anayevaa glovu na kukaa benchi. Najua wapo mtakaosema Frateri ameishiwa mada. Sijaishiwa. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuchagua kipa wa akiba wa timu ya vijana wa parokia hapa Olasiti, nikaifanya vibaya, na tangu siku hiyo somo hili la Matendo halijanitoka kichwani. Dada zangu msiofuatilia mpira nivumilieni kidogo. (Ingawa kwenye kwaya yetu kuna dada wawili wanaojua vikosi vya Ligi Kuu kuliko mimi.)

Nianze na jambo ambalo kila mtu analijua ila wachache hulifikiria. Winga wa akiba ataingia dakika ya 60 au ya 70, na kiungo wa akiba vilevile. Kipa wa akiba hana dakika zake. Ataingia mwenzake akiumia, akipewa kadi nyekundu au akiitwa timu ya taifa, na hayo yasipotokea anaweza kumaliza msimu mzima hajagusa mpira wa mechi hata mmoja. Yakitokea, basi yametokea siku mbaya kuliko zote. Wamarekani wana nafasi ya namna hiyo kwenye mchezo wao wa mpira wa mikono na kofia ngumu. Wanaiita kwotabeki, yaani yule anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira. Anacheza mmoja tu, na wa pili anasimama pembeni na karatasi mkononi.

Kwa hiyo unapochagua kipa namba mbili unachagua mtu kwa ajili ya siku usiyoijua tarehe yake. Ugumu wa kazi hiyo uko hapo.

Turudi kwetu. Wote tunaikumbuka Aprili 2023. Aishi Manula, kipa namba moja wa Simba na wa Taifa Stars, aliumia. Kocha Robertinho akamweka langoni Ally Salim, kijana aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, nyuma ya Manula na Beno Kakolanya. Wa tatu, siyo wa pili! Tarehe 16 Aprili akadaka dabi ya Kariakoo, Simba ikashinda 2-0. Siku chache baadaye akadaka dhidi ya Wydad Casablanca, waliokuwa mabingwa wa Afrika, Simba ikashinda 1-0 Dar es Salaam. Marudiano kule Casablanca ikafungwa 1-0 na kutolewa kwa penalti 4-3. Halafu tarehe 13 Agosti mwaka huohuo, fainali ya Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga. Dakika 90 zikaisha 0-0 na Yanga, wakaenda penalti, na dogo akapangua tatu. Mimi ni shabiki wa upande wa pili, sitaki kuiongelea sana.

Swali langu ni hili: Ally Salim aliandaliwa lini? Siyo Aprili, kwa sababu ndani ya wiki moja huwezi kumtengeneza kipa wa kusimama mbele ya Wydad. Aliandaliwa kwenye asubuhi zile ambazo hakuna kamera, akidaka mipira ya mazoezi ya wenzake, akijua Jumamosi hatapangwa. Na bila shaka kuna mtu pale klabuni alikuwa anamtazama asubuhi hizo, maana kocha hatoi glovu za dabi kwa mtu asiyemjua.

Nilipokuwa nasoma falsafa, kuna mfano wa Aristotle niliouona wa kawaida tu wakati ule, sasa naona una uzito. Anatofautisha hali tatu za mtu kuhusiana na ujuzi. Yupo ambaye hajasoma ila ana akili ya kuweza kusoma. Yupo aliyekwisha kusoma, lakini kwa sasa hautumii ujuzi wake, kama mtaalamu wa jiometri aliyelala usingizi. Na yupo ambaye sasa hivi amekaa anatatua swali. Huyu wa katikati ndiye anayetuhusu. Akiwa amelala hana tofauti ya kuonekana na yule asiyejua chochote. Wote wawili wanakoroma. Ila mwamshe saa nane usiku umpe swali la pembetatu, atalijibu.

Kipa namba mbili ni huyo mtaalamu aliyelala. Sisi wachaguzi kosa letu ni kumchanganya na yule wa kwanza. Tunaona mtu mrefu, mwepesi, ana mikono mirefu, tunasema "huyu ana kipaji". Kipaji ni hali ya kwanza. Kwa mtu wa miaka 15 anayeingia akademi inatosha kabisa. Kwa mtu anayeweza kuingizwa dakika ya 12 ya fainali haitoshi, kwa sababu hatapewa muda wa kujifunza.

Sasa, makocha wanachaguaje? Kuna mambo kadhaa ambayo ukifuatilia ligi yetu unayaona wazi. La kwanza ni la hesabu. Kwa misimu ya karibuni Ligi Kuu imeruhusu klabu kusajili wageni 12. Ukimleta kipa wa kigeni kuwa namba mbili, umetumia nafasi moja ya mgeni kwa mtu ambaye huenda asicheze. Ndiyo maana mara nyingi namba moja anakuwa mgeni na nyuma yake wanakaa Watanzania. Yanga wamekuwa na Djigui Diarra kutoka Mali tangu 2021, na nyuma yake wamepita kina Aboutwalib Mshery, Metacha Mnata na Khomeiny Abubakar. Ukiwa kipa kijana wa Kitanzania kwenye klabu kubwa, jua kwamba kusugua benchi ni sehemu ya ajira yako.

La pili ni la kiufundi, na hapa ndipo wengi tunakosea. Kipa siyo mikono peke yake. Diarra anacheza mbali na goli lake, anapokea mpira kwa mguu, anaanzisha mashambulizi, na mabeki wake wamezoea kusogea juu kwa sababu wanajua nyuma kuna mtu atafagia. Mtoe, mweke kipa mwingine hodari wa kupangua mashuti lakini anayebaki kwenye mstari wake. Hujabadilisha mtu mmoja hapo. Mabeki wote wanne inabidi wabadilishe wanaposimama, tena katikati ya mechi, kwa kelele. Kwa hiyo namba mbili anayefanana na namba moja kwa namna ya kucheza, hata kama kipaji chake ni kidogo kuliko cha mwingine, mara nyingi ndiye chaguo bora.

Na kuna la umri. Ukichukua kijana mwenye kipaji ukamkalisha miaka mitatu bila mechi, unamharibu. Afadhali umpeleke kwa mkopo timu ndogo akacheze. Ukichukua mzee anayejua kazi, hatachezea nafasi yake ila atakuwa mtulivu siku ya shida. Mwaka 2019 Taifa Stars walimrudisha Juma Kaseja, wakati huo yuko KMC, umri umeshapita 30. Agosti akadaka Nairobi dhidi ya Kenya kwenye mchujo wa CHAN, Stars ikapita kwa penalti 4-1. Septemba Burundi wakatolewa kwa penalti 3-0 kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Wapo waliokuwa wanauliza babu anarudi kufanya nini.

Wakati mwingine namba mbili anachaguliwa kwa kazi moja tu. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, dakika za nyongeza zinaisha, kocha Louis van Gaal anamtoa kipa wake Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Krul akaruka upande sahihi kwenye penalti zote tano, akapangua mbili. Wengi wanakumbuka hapo tu. Wanasahau kwamba kwenye nusu fainali dhidi ya Argentina Van Gaal alikuwa amemaliza nafasi zake za kubadilisha wachezaji, Krul akabaki benchi, Uholanzi ikatolewa kwa penalti. Kuwa na kipa mzuri wa akiba na kubaki na nafasi ya kumwingiza ni mambo mawili.

Na yule kwotabeki niliyemtaja? Mfano unaosimuliwa sana ni Nick Foles wa Philadelphia Eagles. Desemba 2017 mwenye namba, Carson Wentz, aliumia goti. Foles akaingia, na tarehe 4 Februari 2018 wakashinda fainali kubwa ya Marekani, Super Bowl, 41-33 dhidi ya New England Patriots, yeye akiwa mchezaji bora wa mechi. Kinachonivutia ni kwamba kocha mkuu, Doug Pederson, alikuwa kocha wa makwotabeki hapohapo Philadelphia mwaka 2012, Foles alipoingia kama mchezaji mgeni. Alimjua kutoka mazoezini. Alijua mipira gani anaipenda, akampangia michezo inayomfaa.

Unaona ninakoelekea.

Sasa fungua tena ile Matendo ya Mitume. Yuda ametoka kikosini, nafasi iko wazi. Watu kama 120 wamekusanyika. Petro anasimama, na kabla hajataja jina la mtu yeyote anataja sifa inayotakiwa. Hasemi awe msemaji mzuri au mwenye miujiza. Anasema awe mmoja wa wale waliofuatana nao muda wote, tangu ubatizo wa Yohane hadi siku Bwana alipopaa, ili awe shahidi wa ufufuko pamoja nao.

Muda wote! Hebu fikiria maana yake. Kulikuwa na watu ambao kwa takribani miaka mitatu walitembea na Yesu, wakala vumbi lilelile, wakasikia mafundisho yaleyale, na hawakuwa kwenye orodha ya wale Kumi na Wawili. Orodha ikisomwa, majina yao hayamo. Injili haziwataji. Na bado waliendelea kuja. Siku nafasi ilipopatikana wakaonekana wawili wenye sifa: Yosefu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto, na Mathia. Wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia.

Tukihubiri habari hii kwa kawaida tunamsifu Mathia, na tarehe 14 Mei tunamwadhimisha. Mimi siku hizi namfikiria zaidi Barsaba. Alikuwa na sifa zote. Hakukosea kitu. Alisimama mbele ya watu 120, wakapiga kura, ikaenda kwa mwenzake. Huyu ndiye namba mbili wa namba mbili! Mwanahistoria wa Kanisa, Eusebio, akimnukuu Papia, anasimulia kwamba baadaye Barsaba alikunywa sumu na kwa neema ya Bwana haikumdhuru. Chukua simulizi hilo kwa uzito unaotaka, ila linatuonyesha jambo moja: wakristo wa mwanzo walimkumbuka kama mtu aliyekuwa bado yumo, hakuondoka baada ya kukosa nafasi.

Lakini sitaki kukimbilia kwa Barsaba na kukuambia "vumilia, subiri zamu yako". Hayo mmeshaambiwa sana, na mara nyingi anayewaambia ni yule aliyewaweka benchi. Nataka nibaki kwanza kwa Petro, kwa mchaguzi. Petro aliweza kuweka sharti la "muda wote" kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo muda wote na aliwaona. Angekuwa hawajui, sharti lake lingekuwa maneno matupu.

Sasa niwaambie ya kwangu.

Timu yetu ilikuwa inajiandaa kwa bonanza la vijana wa parokia kadhaa. Kipa namba moja tunaye, anaendesha bodaboda, mtu wa uhakika. Wa pili ndiyo ilikuwa mjadala. Mmoja ni mrefu, alidakia timu ya shule yake ya sekondari, akiruka unaona kabisa huyu ni kipa. Mazoezini anakuja anapopata nafasi. Mwingine ni dogo wa miaka 19, mfupi kwa kipa, anafanya kazi kwenye banda la kuchomelea mageti karibu na barabara ya mchepuo. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi yupo, na ninyi mnaoijua Arusha ya Julai mnajua baridi ya muda huo, Meru yenyewe imejifunika. Analeta mipira, anaweka koni.

Viongozi wa vijana waliniomba nitoe neno la mwisho, kwa kuwa mimi sina upande. Nikamchagua mrefu. Sikufikiria hata dakika tano. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, kisha kuamuru. Mimi niliruka moja kwa moja hadi la tatu, halafu nikaenda kunywa chai.

Mechi ya pili, kipindi cha kwanza, namba moja akavunjika kidole. Mrefu akaingia. Nataka nimtendee haki: hakucheza vibaya, alipangua shuti moja ambalo mimi ningelikimbia. Ila ikaja krosi, beki wetu wa kati akapiga ukelele wake wa "yangu". Sisi wote tunaojua mazoezi ya timu ile tunajua akiita hivyo kipa anabaki. Mrefu hakujua. Akatoka, wakagongana, mpira ukaanguka mguuni mwa adui. Tukafungwa 2-1, tukatoka mashindanoni.

Wengine walimlaumu yeye. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ni sehemu ya kosa, kwa sababu nilijua mwenye lawama ni nani.

Jumamosi iliyofuata dogo hakuja mazoezini. Mipira ikachelewa kufika, ndipo wengi wakagundua kwamba kumbe ni yeye huwa anaileta. Jumanne nikamfuata bandani. Akazima mashine, akavua miwani.

"Frateri, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umepotea?"

Akacheka kidogo, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa. Nikaanza kumwelezea habari za nafasi, na kwamba asikate tamaa, Mungu ana mpango. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa heshima kabisa: "Frateri, kukosa namba siyo shida. Mshery mwenyewe anakaa benchi. Ila wiki zote zile makipa tukifanya mazoezi, wewe ulikuwa upande ule mwingine na mafowadi. Ungeniangalia ukasema sifai, ningekubali. Hukuniangalia hata siku moja. Sasa ulichagua nini?"

Sikuwa na jibu. Falsafa yote ile, miaka yote ile, sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha palepale, kati ya mageti, na fundi wake akijifanya hasikii.

Nimejiuliza kwa nini maneno yale yaliniuma kiasi kile. Nadhani ni kwa sababu na mimi naishi maisha ya kuandaliwa. Seminari ni miaka mingi ya mazoezi bila mechi. Unaamka, unasali, unasoma, unafagia, na wakubwa wako wanakutazama ili siku moja waseme unafaa au hufai. Kinachonisaidia siyo uhakika kwamba nitapangwa. Ni kujua kwamba kuna mtu anatazama kweli, ananiona ninavyoishi siku ya kawaida, na akisema "hapana" itakuwa "hapana" ya mtu aliyeniona. Nilimnyima dogo kitu hichohicho ninachokidai mimi.

Na wewe unayesoma, angalia unachagua akina nani. Mwenyekiti wa vijana unachagua msaidizi. Mwalimu wa kwaya unachagua atakayeongoza usipokuwepo. Dada unachagua mtu wa kumwachia duka ukisafiri. Kabla ya kusema jina, jiulize mara ya mwisho kumtazama mtu huyo akifanya kazi bila watazamaji ilikuwa lini. Kama huna jibu, hujawa tayari kuchagua, hata kama wengine wanakuharakisha. Na kama wewe ndiye uliyepitwa bila kuangaliwa, una haki ya kusema, kama dogo alivyosema. Barsaba hakulalamika, kwa kadiri tulivyoandikiwa, lakini yeye alipigiwa kura na watu waliomjua vizuri. Usilazimishwe uvumilivu wa Barsaba na mtu ambaye hajafanya kazi ya Petro.

Ally Salim naye, mnajua yaliyofuata. Akasajiliwa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na 2024, Lakred alipoumia, akaja Moussa Camara kutoka Guinea. Kijana aliyepangua penalti tatu za Yanga akarudi kwenye foleni. Sina la kuongeza juu ya hilo, mpira uko hivyo.

Huku kwetu kidole cha namba moja bado kimefungwa, na tuna mechi ya kirafiki Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Langoni atasimama mmoja kati ya wale wawili. Viongozi wamenirudishia neno la mwisho, sijui kwa imani au kwa adhabu. Nimewaambia sitataja jina hadi Jumamosi jioni. Asubuhi nitakuwa nyuma ya goli, na sweta. Mrefu ameniambia atakuja, tena mapema. Dogo nilimtumia ujumbe juzi usiku. Hajajibu, ila nimeona tiki mbili za bluu.